Mtoto ameruhusiwa hospitalini. Je, yuko tayari kwa safari?

Swali: Daktari, binti yetu ana umri wa miezi 14. Jumatatu ya wiki iliyopita alianza kukohoa na kutokwa na kamasi, nasi tukadhani ni mafua ya msimu huu wa baridi. Usiku wa Jumatano alikuwa anapumua kwa kasi na kukataa kunyonya, tukamkimbiza hospitalini, akalazwa kwa nimonia. Aliwekewa oksijeni kwa siku mbili na kudungwa sindano, kisha Jumapili jioni tukaruhusiwa tukiwa na dawa ya kunywa ya siku tano na tarehe ya kurudi kliniki Jumatatu ijayo. Tatizo ni kwamba Ijumaa hii familia nzima ilikuwa isafiri kwenda Bungoma, ambako kaka yake wa miaka 12 anapashwa tohara, na kwetu jambo hilo hufanywa Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili tu. Mume wangu anasema mtoto aliyeruhusiwa ni mtoto aliyepona. Mama mkwe anasema ni mimi niliyemwogesha jioni na kuacha dirisha wazi hata baridi ikamwingia kifuani. Siku za likizo nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya sherehe karibu zote zimeishia wodini. Je, tusafiri? Na je, ni kweli ni mimi niliyemfanya augue? Mama wa watoto wawili, Umoja, Nairobi.

Jibu: Mama, pole kwa usiku ule na kwa siku zilizoufuata. Nitaanza na jibu lenyewe kwa kuwa Ijumaa iko karibu: kwa maelezo uliyonipa, binti yako asisafiri wiki hii. Kaka yake aende, baba yao aende naye, na wewe na mtoto mbaki Nairobi angalau hadi mtakapoonana na daktari Jumatatu. Mimi sikumpima mtoto, na yule aliyemtibu ndiye mwenye neno la mwisho, lakini tazama kwamba neno hilo ameshalisema kwa namna yake. Alipokuandikia tarehe ya Jumatatu, siku tatu baada ya safari mliyoipanga, alikuwa akikwambia kwamba bado hajamalizana na ugonjwa huu na kwamba anataka kukiona kifua hicho tena kabla ya kukuachia.

Mume wako hana nia mbaya. Amelichukua neno "kuruhusiwa" kama wengi wanavyolichukua, nami nimelisikia likitumiwa hivyo katika kila wodi ya watoto niliyofanya kazi. Hospitali humruhusu mtoto wa nimonia pale anapoweza kukaa bila oksijeni, ananyonya na kula vya kutosha, na hatapiki, kiasi kwamba dawa ya kunywa inaweza kuchukua nafasi ya sindano. Hizo zote ni habari njema, lakini hakuna hata moja inayosema kwamba mapafu yamerudi yalivyokuwa. Katika nimonia, vile vifuko vidogo vya hewa vilivyomo ndani ya mapafu hujaa majimaji na usaha, na ingawa homa kwa kawaida hushuka ndani ya siku mbili tatu za matibabu, mwili huendelea kuvisafisha vifuko hivyo kwa wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana utamsikia akikohoa kwa wiki mbili au tatu zijazo, na kikohozi hicho peke yake, akiwa anacheza na kula, si dalili kwamba dawa imeshindwa. Kuruhusiwa, basi, maana yake ni kwamba sehemu iliyobaki ya matibabu inaweza kufanyiwa nyumbani, na nyumbani hapo ni penye godoro lake, maji ya moto, jirani anayeweza kukaa na mlango wakati wewe unatoka mbio, na hospitali ambayo tayari ina faili lake. Kiti cha basi la usiku hakimo.

Kuna jambo moja kuhusu barabara hiyo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii, nami ningependa mume wako alisome kwa makini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo kila pumzi anayovuta inavyobeba oksijeni pungufu. Ukitoka hapa kwenda Bungoma kupitia Nakuru na Eldoret huteremki moja kwa moja. Unashuka Bonde la Ufa, kisha unapanda hadi Timboroa, ambako hata kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700, ndipo uanze kushuka tena kuelekea Webuye. Mwenye mapafu mazima hupita huko amelala, asijue chochote isipokuwa baridi. Mtoto ambaye siku chache zilizopita alihitaji mrija wa oksijeni puani hapa hapa Nairobi hana akiba ya namna hiyo. Sisemi kwamba ni lazima adhurike, maana wengi hupita salama. Ninasema kwamba akizidiwa, atazidiwa mahali ambapo hewa ni haba kuliko penginepo pote njiani, gizani, ndani ya gari lisilo na oksijeni wala mtu wa kuhesabu pumzi zake, huku wewe ukimwomba dereva asimame katika mji ambao humjui mtu. Ni hatari ndogo ya jambo kubwa, na safari yenyewe inaweza kusubiri.

Fikiria pia kinachomngoja huko. Nyumba yenye sherehe ya tohara hujaa watu, na kila shangazi atataka kumbeba mtoto wa mjini na kumpakata. Kila anayembeba huja na mafua yake, na mapafu yaliyojeruhiwa hayapendi mafua mapya. Kwa upande mwingine, nimonia ya umri huu mara nyingi huanza na virusi vya mafua ambavyo mtoto anaweza bado kuvisambaza, jambo ambalo bibi mzee au kichanga wa jirani hawatakushukuru kwalo. Kisha kuna moshi. Chakula cha watu mia hupikwa kwa kuni, na mama anyonyeshaye hukaa karibu na jiko kwa sababu ndiko wanawake waliko. Moshi wa kuni ni miongoni mwa mambo yanayojulikana wazi kuongeza nimonia kwa watoto wadogo, na hata mtu mzima aliyetoka kuugua kifua hukohoa akiingia humo.

Jambo jingine ni malaria, nalo nalitaja kwa uzito kuliko moshi. Bungoma imo katika eneo la magharibi ambako malaria ipo mwaka mzima, ilhali mtoto aliyezaliwa na kukulia Umoja hana kinga yoyote iliyojengeka dhidi yake. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa mwaka 2019 ilipelekwa katika baadhi ya maeneo ya magharibi mwa nchi, kwa hiyo watoto wa Nairobi hawaipati katika ratiba yao ya kawaida. Malaria na nimonia hufanana sana kwa mtoto mdogo: homa, kupumua haraka, kulegea. Akipata homa akiwa Bungoma siku ya tano ya dawa, hata daktari mzuri atakuwa na kazi ya kutenganisha ugonjwa wa zamani na mpya. Siku atakapokwenda, iwe Desemba au mwakani, alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote itakayomshika akiwa huko au katika wiki nne baada ya kurudi ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na umweleze anayempima kwamba mtoto alitoka magharibi. Hilo la mwisho husahauliwa sana Nairobi, na linagharimu.

Sasa nije kwenye siku hizi tano au sita za nyumbani, kwa kuwa ndizo zenye kazi. Jifunze kuhesabu pumzi zake. Ngoja alale au atulie, usihesabu akilia wala akinyonya, mfunue nguo uone kifua na tumbo, weka saa ya simu, kisha hesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana watoto hupumua kwa mawimbi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi kupita kiasi. Hesabu asubuhi na jioni na uandike, maana namba zilizoandikwa zitamsaidia daktari Jumatatu kuliko maelezo ya "alikuwa afadhali". Ukikuta zimefika 40, ngoja kidogo na urudie. Zikibaki hapo, arudishwe hospitalini siku hiyo. Lakini kuna dalili ambazo hazingoji kuhesabiwa: sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, kukoroma au kuguna kila anapopumua, midomo kubadilika rangi, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, au usingizi mzito ambao ukimwamsha haamki vizuri. Ukiona mojawapo, iwe saa nane za usiku, beba mtoto na uende. Usimpigie mtu kwanza kuuliza ushauri, hata mimi.

Dawa ya kunywa aimalize siku zote tano ingawa anaonekana mzima siku ya pili. Ikiwa ni amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka, kama ambavyo watoto wengi hupewa siku hizi, iyeyushe kwa maji kidogo safi au kwa maziwa yako kwenye kijiko, na akiitapika ndani ya nusu saa mrudishie. Dawa za kikohozi zinazouzwa dukani kwa rangi na ladha tamu hazina kazi hapa, na nyingine humpumbaza mtoto kiasi cha kuficha dalili unazotakiwa kuziona. Mafuta makali ya kuchua yenye kafuri hayamfai mtoto wa chini ya miaka miwili, hata kama mama mkwe ametuma chupa. Kinachomfaa ni titi mara kwa mara, maji maji ya vuguvugu, na baada ya hamu ya kula kurudi, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa muda wa wiki mbili hivi, ili arudishe uzito alioupoteza wodini. Uji wenye maziwa au karanga, yai, ndizi iliyopondwa, vyote ni sawa, asilazimishwe.

Usishangae akikugandama. Mtoto wa umri huo aliyedungwa sindano na watu asiowajua, akalazwa penye taa zisizozimwa, hurudi nyumbani akiwa mwingine kwa muda. Huamka usiku akilia, hukataa kushushwa, na akiona mtu aliyevaa nguo nyeupe huangua kilio. Kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache, na dawa yake ni kuwa na wewe na kurudishiwa mambo yale yale kwa saa zile zile. Hii ni sababu nyingine inayonifanya nisipende safari: ukimtoa wodini ukamtia kwenye basi, kisha kwenye nyumba ya wageni wengi, unamwongezea kitu kigeni juu ya kigeni.

Kuhusu swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokunyima usingizi zaidi, jibu ni hapana. Nimonia huletwa na vijidudu, virusi au bakteria, vinavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi, chafya na mikono. Maji ya kuoga hayavileti, wala hewa ya dirishani. Ni kweli kwamba tunawaona watoto wengi wa kifua katika miezi ya Juni hadi Agosti, na hapo ndipo wazee walipojengea hoja yao; lakini sababu mojawapo kubwa ni kwamba katika baridi watu hufunga madirisha, hukusanyika chumba kimoja, na hukoholeana. Mtoto mwenye kaka anayekwenda shule huletewa mafua nyumbani hata akifunikwa blanketi tatu. Chanjo ya pneumokokasi, bakteria wanaoleta nimonia, inayotolewa nchini tangu 2011 katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, humkinga dhidi ya aina kali za bakteria hao, lakini haizuii kila aina wala haizuii virusi, kwa hiyo hata mtoto aliyechanjwa kikamilifu anaweza kuugua. Wewe uliona Jumatano usiku kwamba kupumua kumebadilika na kunyonya kumekoma, ukaondoka usiku huo huo. Katika kazi yangu, hilo ndilo linalotofautisha mtoto anayerudi nyumbani siku ya nne na yule anayefikishwa amechelewa.

Mjibu mama mkwe kwa heshima, na usimjibu kwa ubishi, kwa kuwa anayesema hivyo kwa kawaida anaogopa kama wewe. Lakini kuna sehemu moja ya ushauri wake ambayo sitaki uifuate hata kidogo. Mtu akishaaminishwa kwamba baridi ndiyo adui, hufunga dirisha na kuingiza jiko la makaa chumbani ili mtoto apate joto. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi familia huzimika nayo zikiwa usingizini. Dirisha la juu libaki wazi kidogo, mtoto avae soksi na fulana, jiko libaki nje. Ikiwa mnapikia kwa mafuta ya taa katika chumba hicho hicho mnacholala, msogeze mtoto mbali na mpishi, mlango ukiwa wazi.

Linabaki la kaka yake. Mimi si Mbukusu, wa jamii yenu ya Bungoma, na sithubutu kuwafundisha wenyewe mila yao, lakini najua kwamba tohara hiyo haiahirishwi kwa wiki moja na kwamba kijana aliyekwisha kualika jamaa hawezi kurudi nyuma. Kwa hiyo asiahirishiwe. Mnachopaswa kukiahirisha ni ile picha ya familia nzima ikiteremka basi pamoja. Baba aende naye Ijumaa kama ilivyopangwa. Nafasi yake huko haina wa kuishika, na binti yenu bado ananyonya, kwa hiyo nafasi yako iko hapa. Zungumza na kijana kabla ya kuondoka, ukiwa mmekaa peke yenu, umweleze kwa maneno ya kweli: dadako alipungukiwa na hewa, kifua chake bado ni kibichi, nami nabaki ili asirudi hospitalini. Mtoto wa miaka 12 anaelewa hayo vizuri. Asichoelewa ni kusikia wakubwa wakisema kwa utani kwamba "huyu mdogo ametuharibia", kwa sababu atalibeba neno hilo hadi kwenye mambo yake mwenyewe, na mume wako ana wajibu wa kulizima likianzwa huko. Mchague dada yako au shangazi mmoja wa kusimama mahali pako, umwambie kijana ni nani, na umwombe huyo akupigie simu ya video alfajiri ile. Pia vijana hukaa pamoja kwa muda baada ya tohara hadi siku ya kutolewa rasmi, ambayo aghalabu huwa Desemba. Binti yako akiendelea vizuri, hapo atakuwa na miezi 18, amepona kabisa, na utakwenda ukiwa na sababu ya kusherehekea mara mbili.

Kuhusu likizo, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi si chini ya siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo kamili; hesabu zilizobaki kwa maandishi, mwonyeshe mwajiri cheti cha kulazwa kwa mtoto, na uombe za Desemba mapema badala ya kuzimaliza sasa. Na kwa kuwa umetoka tu kulipa, hakikisha watoto wote wawili wamesajiliwa chini yenu katika SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, Oktoba 2024, na kwamba michango haijakatika, kwa sababu anayesafiri na anayebaki wote wanaweza kuihitaji.

Jumatatu nenda na kijitabu cha kliniki, karatasi yako ya hesabu za pumzi, na chupa au pakiti ya dawa hata kama ni tupu. Omba apimwe uzito, na omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa kidogo cha kidoleni, akiwa ametulia. Hapa nchini mtoto huwekewa oksijeni kipimo kikiwa chini ya asilimia 90, nawe ungependa kuona chake kikiwa juu ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Mwulize daktari maswali mawili bila kuona haya: ikiwa kuna sauti yoyote iliyobaki kifuani, na ni lini, kwa maoni yake, mtoto anaweza kupita Timboroa. Ukiwa hapo, mwombe muuguzi aangalie kama chanjo zote za hadi miezi tisa zimeandikwa, na akuandikie tarehe ya ile ya pili ya surua na rubela ya miezi 18, kwa kuwa itaangukia karibu na safari yenu ya Desemba na ni rahisi kuisahau.